Simu Iko Mkononi, Ufunguo Uko kwa Mkopeshaji

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa vikundi vya akina mama na vijana huko Kangemi, Nairobi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Niliombwa niongee juu ya akiba. Nimebadilisha kidogo. Leo nataka tuongee juu ya simu za kulipia pole pole, zile ambazo ukichelewa kulipa zinafungwa kutoka mbali. Nimeona ni afadhali hivyo kwa sababu akiba ya wengi wenu siku hizi haiendi kwa kikundi. Inaenda kwa simu.

Wacha nianze na mama mmoja, ambaye sitamtaja jina. Kazi yake ni kufua nguo katika nyumba za Lavington na Loresho. Mnakumbuka zamani kazi hii ilitafutwaje: unaamka saa kumi na moja, unaenda kukaa kando ya barabara na kimfuko chako pamoja na wenzako, unangoja gari lisimame. Sasa hivi anapigiwa simu. "Mama, njoo kesho." Asipopatikana, anapigiwa mwingine. Kwa hiyo simu kwake si ya kuchezea. Ndiyo jembe lake.

Alienda mjini, upande wa Luthuli Avenue, akachukua simu kubwa. Dukani bei yake kwa pesa taslimu ilikuwa shilingi 12,000. Yeye akatoa dipoziti ya shilingi 2,500, na akakubali kulipa shilingi 45 kila siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 45 ni kidogo, si ndiyo? Ni bei ya chai na mandazi. Alilipa siku 240 bila kukosa. Halafu mtoto akashikwa na kifua, pesa zote zikaenda kwa dawa, na kwa siku nne hakulipa kitu. Usiku wa siku ya nne mtoto akazidiwa. Mama akachukua simu ampigie jirani mwenye gari. Kioo kikamwonyesha maandishi: una deni, lipa ili simu ifunguke.

Sasa shikeni kalamu. Dipoziti 2,500, na siku 240 mara 45 ni 10,800. Jumla 13,300. Yaani alikuwa tayari amelipa zaidi ya ile bei ya dukani. Deni la siku nne lilikuwa shilingi 180. Kwa sababu ya shilingi 180, mali aliyoilipia 13,300 ikawa kama kipande cha ubao mkononi mwake. Alimbeba mtoto mgongoni na kutembea kwa miguu hadi kwa jirani, akagonga mlango. Namshukuru Mungu mtoto alipona. Lakini wiki hiyo alipoteza nyumba mbili alizokuwa akifulia.

Sikuja hapa kuwatukana wanaouza simu kwa mkopo. Nitasema ukweli: bila mpango huu wengi wetu hatungeshika simu ya intaneti. Kwa benki, si rahisi kupata mkopo wa shilingi elfu kumi kama huna hati ya mshahara wala shamba. Hawa wanakukopesha bila dhamana, kwa sababu dhamana ni simu yenyewe. Na dhamana hiyo inashikwa na nini? Na kufuli. Ukiondoa kufuli, mkopo nao unaondoka. Hilo tulielewe kwanza ndipo tulalamike vizuri.

Kufuli hii haikuanza na simu. Ilianza na taa. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, watu walipata njia ya kutuma pesa kidogo kidogo bila kupanga foleni. Mwaka 2012 M-KOPA wakaanza hapa Kenya kuuza mitambo ya jua: taa, redio na kichaji cha simu. Mnunuzi alilipa dipoziti, kisha shilingi 40 kwa siku, karibu sawa na pesa ya mafuta ya taa. Ndani ya kile kisanduku kulikuwa na laini, kama laini ya simu. Ukilipa, ujumbe unatoka kwenye kompyuta ya kampuni, unapita hewani, kisanduku kinawaka. Usipolipa, kinazima. Hakuna mtu anayekuja mlangoni. Baadaye mtindo huo huo ukahamia kwa simu. Mwaka 2020 Safaricom pamoja na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, simu ya kulipia shilingi 20 kwa siku, na mwaka huo huo M-KOPA nao wakaingia kwa simu. Sasa wako wengi.

Kufuli yenyewe inafanyaje kazi? Kila simu ina nambari yake, inaitwa IMEI, tarakimu 15. Ukibonyeza *#06# inatokea. Wakati unaponunua kwa mkopo, nambari hiyo inaandikwa kwenye kompyuta ya mkopeshaji, na ndani ya simu kunakaa programu ambayo huwezi kuitoa. Programu hiyo na ile kompyuta zinazungumza kupitia mtandao. Malipo yakiingia, kompyuta inasema, "Mwache." Yasipoingia, inasema, "Mfunge." Nyingine hazingojei hata kuambiwa, zinajihesabia siku zenyewe. Kwa hiyo wewe kijana unayezima bando ukidhani umejificha, hujajificha. Saa iko ndani ya simu.

Hapa niseme neno juu ya wale mafundi wa mjini wanaosema, "Leta, nitaifungua kwa mia tano." Wengi wanachofanya ni kuifuta simu yote, irudi ilivyotoka kiwandani. Inafunguka pale dukani na wewe unafurahi. Ukifika nyumbani ukaunganisha intaneti, simu inaulizia nambari yake kwa kompyuta ya waliotengeneza, inajibiwa kwamba bado ina deni, na inajifunga tena. Umepoteza mia tano, picha zako, na nambari zote za watu. Na deni lako liko pale pale.

Tena kuna ubaya mwingine. Baadhi ya simu zinazouzwa rahisi sana kando ya barabara mjini ni za mkopo ambazo mwenyewe alishindwa kulipa. Muuzaji amelipa siku chache ili simu iwake unapoiangalia. Baada ya juma moja inafungwa mikononi mwako, na deni si lako wala hujui ni la nani. Ukinunua simu ya mkono wa pili, ikague ikiwa na laini yako ndani na intaneti imewashwa, na umwambie muuzaji akupe risiti yenye ile nambari ya IMEI. Akikataa, rudisha pesa zako mfukoni.

Turudi kwa mama yetu. Google wanaeleza kwamba simu inayofungwa kwa programu yao bado inaweza kupiga simu ya dharura. Vizuri. Lakini tuulizane wenyewe: ni nani hapa Kangemi, mtoto akiugua saa nane usiku, anapiga 999? Tunampigia jirani mwenye probox. Tunampigia shemeji. Kampuni hazifanani: nyingine zinaacha simu zote za kawaida, nyingine hazikuachii karibu chochote. Hilo ni swali la kuuliza kabla ya kutoa dipoziti, si baada: "Nikichelewa, mtafunga nini na mtaacha nini? Mtanipa siku ngapi? Mtanitumia ujumbe kabla?" Ukiona muuzaji anacheka, toka. Luthuli Avenue ina maduka mengi.

Swali lingine ni jumla. Usiulize tu "kwa siku ni ngapi?" Uliza, "Nikimaliza yote nitakuwa nimelipa ngapi?" Yule mama angemaliza kwa shilingi 18,925. Ile ziada ya 6,925 ndiyo bei ya kutokuwa na shilingi 12,000 siku ile. Pengine inafaa, pengine haifai. Katika kikundi chenu cha merigoraundi mko watu 20. Mkitoa 600 kila mmoja, mnapata shilingi 12,000, na mmoja wenu ananunua simu isiyo na kufuli. Nimewaachia hapo, mfikirie.

Sasa jambo linalonikera mimi. Wazee hapa mnakumbuka haya-pachesi: makabati, cherehani, redio. Ukishindwa kulipa, walikuja na lori na watu wenye misuli. Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya mambo hayo mwaka 1968. Sheria hiyo inasema, kwa mikataba iliyo chini yake, kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuja kuichukua tu. Ni lazima aende kortini. Waliotunga sheria waliona kwamba mtu aliyefika mbali namna hiyo ana sehemu yake katika ile mali.

Yule mama, pigeni hesabu, alikuwa amelipa theluthi mbili na zaidi. Lakini simu yake haikuchukuliwa. Ilibaki mkononi mwake, imefungwa. Waliotunga sheria ya mwaka 1968 hawakufikiria mtu anayeweza kukunyang'anya kitu bila kukigusa. Kama mkataba fulani wa simu unaangukia kwenye sheria hiyo au la, hiyo ni kazi ya wakili, na inategemea mkataba ulivyoandikwa. Mimi ninachosema ni kwamba tuna haki ya kuwauliza wabunge wetu: aliyelipa nusu, aliyelipa theluthi mbili, na aliyetoroka siku ya pili, kwa nini wote wanafungwa sawa sawa? Kwa nini aliyelipa siku 240 asipewe hata wiki mbili za huruma?

Upande mmoja sheria imeshika. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema ni lazima uambiwe habari zako zinachukuliwa kwa kazi gani. Mkopeshaji hana ruhusa ya kuchukua majina ya watu katika simu yako na kuanza kuwapigia mama mkwe na mwajiri wako kuwaambia una deni. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini wakopeshaji kwa makosa kama hayo. Kwa hiyo mkipigiwa watu wenu, msikae na aibu nyumbani. Andikeni tarehe, andikeni nambari iliyopiga, mje tuandike barua.

Kabla sijakaa, mambo madogo ya nyumbani. Pesa zako za M-Pesa haziko ndani ya simu, ziko kwa akaunti ya nambari yako, na laini ndiyo inayoifikia. Simu ikifungwa, toa laini, uitie kwa mulika mwizi. Kwa hiyo msitupe wala msiuze ile kabambe ya zamani. Ichaji kila Jumapili na uiweke kabatini. Lakini angalieni: laini ya simu kubwa ni ndogo sana, haikai kwa kabambe bila kile kijiplastiki cha kuishikia. Kiweke pamoja nayo, na kijipini cha kufungulia. Yule mama alikuwa na kabambe nyumbani. Kijiplastiki hakuwa nacho, na usiku ule duka gani lilikuwa wazi? Halafu nambari za waajiri wako ziandike kwenye daftari la kawaida, kwa kalamu. Watoto watakucheka, waache wacheke.

Na kuna kufuli nyingine ambayo ufunguo wake ni wako mwenyewe. Simu nyingi za sasa zina njia ya kuifunga wewe ukiwa mbali, ikinyakuliwa kwa dirisha la matatu kule mjini. Lakini ni lazima itayarishwe kabla ya kuibiwa, na ukumbuke barua pepe na neno la siri ulilotumia. Wengi wenu mlitengenezewa barua pepe na yule kijana wa dukani, na yeye ndiye anaijua. Maana yake ni kwamba hata kufuli yako wewe, ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Mama yetu alipata shilingi 180 kwa dada yake asubuhi iliyofuata. Simu ikafunguka baada ya dakika chache, bila neno la pole. Alimaliza deni lake miezi michache iliyopita, na nilimwambia asiridhike na ule ujumbe wa hongera. Arudi waandike kwamba amemaliza, na waitoe ile programu mbele ya macho yake. Alirudi mara mbili. Mara ya kwanza waliisahau.

Basi, toeni simu zenu. Bonyezeni *#06#, kila mtu aandike nambari yake nyuma ya kadi ya kikundi. Na kama una karatasi ya mkataba nyumbani, tuma mtoto akaichukue sasa hivi. Niko hapa hadi saa kumi na moja, tutaisoma pamoja.