Kiatu Kinene Ndicho cha Kuulizwa: Kulika Kusiko Sawa kwa Breki za Matela

Mada iliyosomwa mbele ya madereva, mafundi, wenye matrekta na wakazi wa kata za Wilaya ya Kibiti



Kabla ya mwaka 2003, lori lililotoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara lilisubiri kivuko katika Mto Rufiji, na katika kusubiri huko breki zake zilipata nafasi ya kupoa. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa takriban mita 970, lilikomesha foleni hiyo. Tangu hapo matela ya saruji, korosho na mafuta hupita Jaribu, Bungu na Kibiti mchana na usiku, kando ya magenge ya nazi, vijiwe vya bodaboda na watoto wa shule wanaovuka barabara. Tela ambalo breki zake hazishiki sawasawa huvutwa upande ule unaoshika zaidi dereva anapokanyaga ghafla, na upande huo huenda ndiko waliko watu.

Breki za upepo hufanya kazi hivi. Upepo hutoka kwenye matangi, hupita katika mipira hadi kwenye chemba ya kila gurudumu, nao husukuma fimbo. Fimbo huzungusha mkono ambao mafundi huuita slaki, na mkono huo hutanua viatu vya breki vikabana dramu. Kila gurudumu lina slaki yake. Ikiwa moja imelegea, fimbo husafiri mbali kabla viatu havijagusa dramu, na gurudumu hilo huchelewa au halishiki kabisa. Mzigo wa kulisimamisha tela hubebwa na magurudumu yaliyosalia, ambayo hupata joto na kumaliza viatu vyake mapema.

Hapa ndipo wengi hukosea. Fundi hufungua dramu, huona kiatu kimelika hadi kukaribia chuma, hukibadilisha, kisha hufunga na kupokea ujira wake. Baada ya miezi michache kiatu kile kile kimeisha tena, na lawama huangukia duka la vipuri. Mara nyingi gurudumu lililolika halina kosa. Lilifanya kazi ya wenzake. La kutiliwa shaka ni lile ambalo viatu vyake bado vinene kama vipya. Huenda slaki yake imelegea, au sili imepasuka na grisi ya beringi imelowanisha kiatu, au mhimili unaotanua viatu umeganda kwa kutu.

Kutu hiyo, kwa ukanda huu, si jambo dogo. Gari linalorudi nyuma hadi ukingo wa maji Nyamisati hukanyaga maji ya chumvi. Yale yaliyopita katika matope ya mafuriko ya mwaka 2024 yalibeba mchanga ndani ya dramu. Kuosha kwa maji baridi siku hiyo hiyo na kutia grisi mahali pake ni kazi ya nusu saa. Maji yanayojikusanya katika matangi ya upepo nayo yamwagwe kila siku, kwa kuwa hewa ya pwani ni nyevu na maji hayo huharibu vali kimyakimya.

Ipo hali ya pili inayofanana na hiyo kwa macho tu: breki isiyoachia. Springi ya kurudisha viatu imekatika, au slaki imekazwa kupita kiasi, na kiatu husugua dramu safari nzima. Kuzitofautisha si vigumu. Baada ya mwendo mrefu usio na breki nyingi, utingo apitishe kiganja karibu na kila dramu pasipo kuigusa: yenye moto kuliko nyingine haiachii. Baada ya kufunga breki mara kadhaa, iliyo baridi haifanyi kazi. Viatu vikibadilishwa, vibadilishwe vya kulia na kushoto vya ekseli moja pamoja, vya aina moja, na slaki zote zipimwe.

Madereva wapo wanaotumia breki ya mkono ya tela pekee ili kukitunza kichwa, na wengine hufunga mpira wa gurudumu linalovuja ili safari iendelee. Huo si ufundi. Tani zile zile husimamishwa na breki chache zaidi.

Wenye matrekta nao wasikilize, hasa msimu wa kubeba mpunga. Trekta nyingi zina pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, ili mkulima apate kukata kona kali shambani. Zipo pamoja na pini ya kuziunganisha. Trekta ikitoka shambani kuingia barabarani na pini hiyo ikiachwa wazi, mguu hukanyaga pedali moja, gurudumu moja hushikwa, na tela lililojaa magunia husukuma kutoka nyuma. Upande unaokanyagwa kila siku huisha kwanza, na siku nyingine trekta hupinduka kabla haujaisha.

Limebaki jambo la wakazi wa kando ya barabara. Lori likisimama na gurudumu moja likatoa moshi wenye harufu ya kuungua, watu wema hukimbilia ndoo. Maji yasimwagwe juu ya dramu yenye moto, kwani chuma chake huweza kupasuka. Watoto waondolewe mbele ya tairi hilo, maana nalo laweza kulipuka kwa joto. Dereva aweke magogo chini ya magurudumu mengine, breki ya kuegesha iachiwe, na dramu iachwe ipoe kwa upepo hadi fundi aweze kuifungua. Zima-moto ya gari iwe mkononi wakati wote huo, na moto ukionekana, itumike mara moja.