Mkaazi Asiye Mwenyeji

(Mada iliyotolewa katika darsa ya vijana ya mwezi wa Ramadhan, Sirisia)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, hebu nianze na swali la madrasa. Mtu akitoka hapa Sirisia kwenda Mombasa, ni lini ataacha kupunguza swala? Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tulifundishwa kwamba akinuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika. Ataswali rakaa nne kamili na atafunga Ramadhan kama wenyeji. Na ikiwa ana haja ambayo kila siku anatarajia itakwisha, leo au kesho, amepewa siku kumi na nane. Zikipita hizo, huyo si msafiri tena hata kama mizigo yake iko mlangoni.

Fiqhi haikuishia hapo. Katika madhehebu yetu Ijumaa huhitaji watu arubaini ambao ni wenyeji hasa wa mahali pale, wasioondoka ila kwa haja. Mwanafunzi anayesoma Eldoret miaka minne na nia yake ni kurudi kwao ni mkaazi. Ijumaa ni wajibu kwake, lakini hahesabiwi katika wale arubaini. Safuni yupo, hesabuni hayupo.

Shika hapo. Leo nataka tuzungumze kuhusu watoto wanaolelewa nchi za nje kwa viza za muda, wanaokua wakiwa safuni bila kuwa hesabuni. Usiseme hayo ni mambo ya watu wa Nairobi. Hesabu tu nyumba za huku kwetu, kuanzia Chwele mpaka Lwakhakha, zenye mtu Qatar, Saudia, Marekani au Uingereza. Wengine wameondoka na watoto wao. Tukiongea nao kwa simu twauliza afya, twauliza kazi, twauliza kama watatuma chochote cha Idd. Nani anauliza mtoto ana karatasi gani?

KUZALIWA SI KUHESABIWA

Mimi ni mmoja wa watoto hao. Nilipelekwa Doha mwaka 2008 nikiwa na miaka minne, kwa sababu baba alipata kazi ya uhasibu huko. Dada yangu mdogo alizaliwa kule kule mwaka 2011. Kusoma tulisoma huko, Qur'an tulihitimu huko, na marafiki zetu wote walikuwa huko. Lakini makaazi yetu yalining'inia kwenye mkataba wa baba kama nguo kwenye kamba. Mkataba ulipokwisha mwaka 2022, kamba ilikatika na sote tukaanguka pamoja.

Sasa utauliza, mbona hamkuomba ukaazi wa kudumu? Katika nchi za Ghuba mtoto wa mgeni hapati uraia kwa kuzaliwa pale. Qatar ilitoa sheria ya ukaazi wa kudumu mwaka 2018, Sheria Namba 10. Aliyezaliwa nje anatakiwa awe ameishi pale kihalali miaka 20 mfululizo, na aliyezaliwa ndani miaka 10. Juu ya hayo awe na kipato cha kumtosha, mwenendo mwema na Kiarabu cha kutosha. Na ukishatimiza yote, idadi ya wanaopewa kwa mwaka iliwekwa kuwa watu 100. Watu mia moja! Hapo soko la Chwele siku ya mnada utawapata kwenye foleni moja ya kuku.

Kwa hivyo mimi mwenye miaka 14 ya kukaa sikufika. Dada yangu mwenye miaka 11 alifika kwa hesabu ya miaka, lakini mtoto wa darasa la tano kipato atakitoa wapi? Siilaumu nchi hiyo. Ilitupokea kwa masharti tuliyoyajua, na baba alipata riziki ya halali. Ninachosema ni kwamba mtoto hatii saini mkataba, ila mkataba ukivunjika ni yeye anayepoteza mji aliokulia.

UMRI UNAPOFIKA

Marekani nako kuna mtihani wake. Mfanyakazi mwenye viza ya kazi, au mwanafunzi mwenye viza ya masomo, anaweza kuingia na mkewe na watoto wake. Lakini kwa sheria yao mtoto ni asiyeoa wala kuolewa na ambaye hajatimiza miaka 21. Siku anapotimiza 21, viza ya mzazi haimfuniki tena. Kama foleni ya mzazi ya kupata kadi ya kijani haijafika, itambidi kijana atafute viza yake mwenyewe, au arudi nchi asiyoikumbuka. Sheria ya mwaka 2002 ilipunguza makali kidogo kwa kuondoa baadhi ya siku za kusubiri katika hesabu ya umri, lakini wengi haikuwafikia. Vijana wa namna hii wanakadiriwa kupita 200,000, wengi wao ni watoto wa Wahindi, ambao foleni yao ndiyo ndefu kuliko zote.

Na angalia ajabu hii. Mwaka 2012 Rais Obama alitangaza mpango wa kuwakinga na kufukuzwa vijana walioingizwa nchini wakiwa wadogo. Mpango ule ulimtaka mwombaji awe hana kibali halali tarehe 15 Juni 2012. Aliyekuwa na viza yake safi siku hiyo hakuingia! Tena kijana akiomba viza ya mwanafunzi ili asitoke, anatakiwa aonyeshe kuwa nia yake ni kurudi kwao. Kwao wapi, na yeye tangu chekechea yuko hapo?

Uingereza, tangu Januari 1983, kuzaliwa pale peke yake hakutoshi. Lakini sheria yao imeacha mlango: aliyezaliwa pale na akaishi pale miaka kumi ya mwanzo ya maisha yake ana haki ya kuandikishwa kuwa raia, hata kama wazazi wake hawana ukaazi wa kudumu. Wapo wazazi wanaojua habari hii wakachelewa kwa sababu ya ukubwa wa ada, na wapo ambao hawajaisikia kabisa.

NA SISI JE?

Jamani, tusiangalie kibanzi cha jirani tu. Hapa Kenya mgeni anaweza kuomba ukaazi wa kudumu akiwa amekuwa na kibali cha kazi angalau miaka saba, na mitatu ya mwisho ameishi hapa mfululizo. Kwa Ibara ya 15 ya Katiba, aliyeishi kihalali miaka saba mfululizo anaweza kuomba uraia. Kwenye karatasi si vibaya.

Lakini waulize Wanubi wa Kibra, Waislamu wenzetu, ambao babu zao waliletwa na Waingereza kama askari. Vijana wao walipigwa maswali kwa miaka na miaka kabla ya kupewa kitambulisho, mpaka mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto ikaamua kuwa watoto wao wamedhulumiwa. Wamakonde wa Kwale ilibidi watembee kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakapata vitambulisho. Wapemba wa pwani, wavuvi waliotoka Zanzibar na kuzaa hapa mpaka wajukuu, wametambuliwa mwaka 2023. Hao wote walikuwa safuni kwetu, na sisi tukiwahesabu tunawaruka.

MTOTO ALIYERUDI KUTOKA HABASHA

Uislamu unawajua watoto wa namna hii. Waislamu walipoonewa Makka, wengine walikimbilia Habasha, na Mfalme Najashi akawapa amani. Kundi la Ja'far bin Abi Talib lilikaa huko takriban miaka kumi na mitatu, hadi mwaka wa saba wa Hijra. Walizaa huko. Abdullah mwana wa Ja'far alizaliwa huko, na Umm Khalid, binti wa Khalid bin Said, pia.

Basi siku moja Mtume (S.A.W.) aliletewa nguo ndogo nyeusi yenye mapambo. Akauliza nani avishwe, watu wakanyamaza. Akaagiza aletwe Umm Khalid, akamvika kwa mkono wake na kumwombea aishi mpaka ichakae. Kisha akayaonyesha yale mapambo, akamwambia ni mazuri, na akalisema neno hilo kwa Kihabeshi.

Ewe ndugu, fikiri. Msichana mdogo amekuja mji wa wazee wake ambao kwake ni mji mgeni. Mtume hakumcheka matamshi. Hakumwita Mhabeshi. Alimsemesha kwa lugha aliyokulia.

Mimi niliporudi hapa niliitwa Mwarabu, na Kibukusu changu kilichekwa sokoni na msikitini. Katika ofisi moja niliulizwa nithibitishe kuwa mimi ni wa hapa, mpaka mzee wa kijiji akaja kusema anamjua babu yangu. Kukhu ndiye aliyenipokea bila swali, akaniwekea ugali na kunitajia majina ya ukoo mmoja mmoja.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mzazi uliye nje, mwandikishe mtoto wako kwenye ubalozi wa Kenya mapema na umchukulie pasipoti. Tangu Katiba ya 2010, Ibara ya 14, mtoto wa Mkenya ni raia wa kuzaliwa popote alipozaliwa, awe amepata haki hiyo kwa baba au kwa mama. Lakini haki isiyo na karatasi ni kama shamba lisilo na mpaka.

Pili, usitupe pasipoti iliyokwisha, barua ya shule wala kadi ya kliniki. Miaka ya ukaazi huthibitishwa kwa vitu hivyo.

Tatu, uliza wakili au ofisi husika mapema, mtoto akiwa na miaka kumi, si wiki moja kabla ya kutimiza 18 au 21. Na usidanganye umri wala majina. Uongo mmoja kwenye fomu huenda ukamngojea mtoto mpaka siku yake ya kuapishwa.

Nne, msemeshe lugha ya kwenu. Huenda akarudi.

Tano, nasi tulioko hapa, akija wa namna hii, awe kutoka Doha, au ni mtoto wa Uganda aliyevuka Lwakhakha na wazazi wake, tumpe nafasi kwenye futari kabla hatujamuuliza kwao ni wapi. Kisha tumsindikize kwa chifu, tumshuhudie kwa tunayoyajua kwa kweli.

Fiqhi ilimpa mgeni siku nne akawa mkaazi. Wewe utamweka mwenzako mlangoni miaka mingapi?

Allah atukubalie saumu zetu, awafanyie wepesi walioko ugenini, na awarudishe kwa usalama wanaorudi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.