Video Ikipotea kwenye Kadi, Kamera Iwekwe Chini Kwanza

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wapiga picha, makatibu wa vikundi na wakaazi wote wanaotumia kamera katika shughuli zao.

 

Siku hizi ni nadra shughuli kupita bila kupigwa video. Harusi, mazishi, mahafali, kikao cha kushirikisha umma katika wadi, wazee wakionyeshana mpaka wa shamba: yote huingia katika kadi ya memori yenye urefu wa milimita 32 na upana wa milimita 24. Kadi hiyo ikileta shida, kinachopotea si kipande cha plastiki. Inapotea sauti ya mzazi aliyefariki. Yanapotea malipo ya kijana aliyekodi kamera ili apate riziki. Unapotea ushahidi wa makubaliano ambayo kesho mtu anaweza kuyakana.

Hata hivyo, video iliyofutwa mara nyingi huwa bado imo ndani ya kadi. Inayoimaliza ni hofu ya mwenyewe: anabonyeza huku na kule, anarekodi tena, anakubali kila swali linaloulizwa na kompyuta. Ndiyo maana ni vyema kila mtu aelewe jinsi kadi inavyofanya kazi.

Kadi ni kama ghala lenye daftari. Daftari linaonyesha gunia lipi liko wapi. Video inapofutwa, kamera haiondoi gunia. Hukata jina daftarini na kuandika kwamba nafasi ile iko wazi. Gunia hubaki pale pale hadi mzigo mpya uletwe na kuwekwa mahali pake. Kufomati kwa kawaida nako ni kufungua daftari jipya. Mizigo ya zamani bado imo ghalani. Lakini baadhi ya kamera zina fomati ya kina inayofuta hadi ndani. Hiyo ikitumika, matumaini huwa madogo sana.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kuacha kurekodi. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hujaza gigabaiti 22.5 kwa saa moja. Dakika 10 pekee huchukua karibu gigabaiti 4, na hizo zinaweza kuangukia pale pale ilipokuwa video ya harusi. Kadi itolewe, na kile kifungo kidogo kilicho ubavuni mwake kisukumwe upande wa kufunga ili isiandikwe tena. Kadi ndogo za simu hazina kifungo hicho, kwa hivyo zitolewe na kuwekwa kando.

Pili, mambo rahisi yaangaliwe kabla ya makubwa. Huenda kadi ni nzima, tatizo likawa kifaa cha kuisomea au waya. Ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine. Kama kamera ina nafasi mbili za kadi, ile ya pili ichunguzwe. Kompyuta ikisema kwamba kadi lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, jibu ni kukataa. Vilevile, amri ya kompyuta ya kurekebisha kadi isitumiwe mapema, kwa sababu huandika juu ya kadi ileile inayotakiwa kuokolewa.

Tatu, itengenezwe nakala kamili ya kadi nzima, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu, ihifadhiwe kama faili moja kwenye kompyuta. Kazi yote ifanywe juu ya nakala hiyo. Fundi akikosea, kadi yenyewe bado iko salama. Kwa kadi inayosomeka kwa shida, iko programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima, kisha hurudi kwenye zile zenye hitilafu.

Nne ndipo utafutaji unapoanza. Programu ya PhotoRec, iliyotengenezwa na Christophe Grenier, ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Haitegemei daftari la kadi. Hupita ghalani ikitambua jinsi kila aina ya faili inavyoanza. Ndiyo maana faili zikipatikana huwa zimepoteza majina yake ya awali, na mwenyewe hulazimika kuzifungua moja baada ya nyingine. Kitakachopatikana kihifadhiwe kwenye kompyuta au diski ya nje, kamwe kisirudishwe kwenye kadi hiyohiyo.

Inafaa ifahamike pia kwamba picha za kawaida huokolewa kwa urahisi kuliko video. Video ni kubwa, na vipande vyake vinaweza kuwa vimetawanyika kadini. Mteja aambiwe jambo hili mapema, badala ya kuahidiwa kwamba kila kitu kitarudi.

Kuna shida nyingine inayofanana na hii lakini tiba yake ni tofauti. Betri inakufa katikati ya hotuba. Faili ipo, ina gigabaiti kadhaa, lakini haichezi. Video nyingi za aina ya MP4 na MOV huandikiwa fahirisi yake mwishoni, kurekodi kunaposimamishwa. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha na sauti zimo lakini hakuna kinachoelekeza jinsi ya kuzisoma. Programu kama untrunc huweza kujenga upya fahirisi hiyo kwa kuiga video nzima iliyorekodiwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile. Video hiyo ya mfano irekodiwe kwenye kadi nyingine.

Kadi isiyotambuliwa kabisa na kompyuta yoyote imeumia ndani. Hapo programu hazisaidii, na kuipasha moto au kuifungua ni kuimaliza. Inahitaji maabara yenye vifaa maalumu, na gharama iulizwe kabla kazi haijaanza. Kuna pia kadi bandia, zinazoonyesha gigabaiti 128 ilhali nafasi halisi ni ndogo zaidi. Kinachorekodiwa kupita kiasi chake huwa hakikuhifadhiwa ipasavyo, na hakuna fundi awezaye kurudisha kisichokuwapo. Kadi mpya ijaribiwe kwa programu ya H2testw au F3 kabla ya kupelekwa kazini.

Kwa waliorekodi kwa simu, pa kuanzia ni kapu la takataka ndani ya programu ya picha. Kwenye iPhone, video iliyofutwa hukaa humo hadi siku 30. Kwenye Google Photos, iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni hukaa siku 60. Muda huo ukipita, kuipata ndani ya simu za kisasa ni vigumu mno.

Lipo jambo la faragha pia. Fundi anayeokoa video huona kila kilichomo: watoto, wagonjwa, nyaraka za familia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za kibinafsi. Mwenye kadi aandikiane na fundi kuhusu kitakachotafutwa na lini nakala zitafutwa. Kama video ni ushahidi wa kesi, isichezewe kabisa. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinaweka masharti kuhusu rekodi za kielektroniki, pamoja na cheti kinachoeleza jinsi zilivyotolewa. Hapo aonwe wakili au polisi kabla ya fundi, na iandikwe ni nani alikuwa na kadi na tangu lini.

Lakini tahadhari kabla ya hatari. Betri zichajiwe na ya akiba iwepo. Kadi isitolewe wakati taa ya kamera inamemeta. Kadi zilizojaa ziwekwe alama na zitengwe na zilizo tupu. Jioni ya shughuli, video zinakiliwe sehemu mbili tofauti, zichezwe kuhakikisha zinafunguka, ndipo kadi ifomatiwe, na ifomatiwe ndani ya kamera itakayoitumia. Makatibu wa vikundi nao wamdai mpiga picha nakala yao mapema, wasingoje hadi mzozo uzuke.

Diski ya pili ina gharama, na kijana anayeanza kazi huiona kama mzigo. Lakini harusi hairudiwi kwa ajili ya kamera, na mzee aliyeonyesha mpaka huenda mwakani asiwepo kuuonyesha tena.