Ngozi, Pumzi na Utepe

Msikilizaji wa Matinyani, ukimpeleka zahanati mtoto anayeharisha, utamwona muuguzi akibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kisha kuiachia. Usidhani anamchezea. Ngozi ikikawia zaidi ya sekunde 2 kurudi, na macho yamebonyea, mtoto amepungukiwa na maji vibaya.

Mtoto akikohoa, muuguzi huhesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, kwani kilio huharibu hesabu. Kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi huenda ni nimonia. Halafu kuna utepe wa kupima mzingo wa mkono, ambao ukame umetuzoesha: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali.

Mama, usingoje siku ya soko. Mpeleke leo.