Kengele ya Misheni na Daftari la Mkulima

Hotuba ya Katibu katika sherehe ya Muungano kutimiza miaka 10



Siku hii Muungano wetu unatimiza miaka 10. Wenzangu watasema habari za maghala na mikopo. Mimi nimeombwa niseme juu ya maisha ya kila siku katika mashamba ya misheni ya zamani, ambako wazee wengi wa Kilimanjaro waliijua kahawa kwa mara ya kwanza. Nimekubali kwa furaha, kwa kuwa mashamba yale yanatupa mafundisho mawili: moja la kufuata, na moja la kuepuka.

Kahawa yetu ilikuja na wageni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1890 wakafika Kilema, katika nchi ya Mangi Fumba. Miaka mitatu baadaye wakafungua misheni nyingine Kibosho. Mbegu walizopanda asili yake ni kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Ndiyo maana hata leo mbuni wa namna ile huitwa kwa jina hilo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa kukaa kitako. Hana budi kujifunza kazi ya mgeni mpaka iwe yake.

Boma la misheni lilikuwa kama kijiji kidogo. Palikuwa na kanisa, nyumba za mapadre na masista, shule, mahali pa kutibia wagonjwa, karakana ya maseremala, zizi la ng'ombe na bustani ya mboga. Na nje ya hayo yote shamba la kahawa. Mambo yote yalikwenda kwa kengele. Ilipigwa alfajiri kwa sala, ikapigwa tena watu waende kazini, ikapigwa adhuhuri, na jioni ikawarudisha watu nyumbani. Wanafunzi nao walishika jembe kabla ya masomo au baada yake.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya uangalifu. Mbegu zilisiwa kitaluni chini ya kivuli, zikamwagiliwa, na miche ikatunzwa huko miezi mingi kabla ya kupelekwa shambani. Baada ya hapo mkulima hungoja kiasi cha miaka mitatu ndipo aone mavuno ya kwanza. Katika miaka hiyo yote ni kupalilia, kutandaza majani makavu ili ardhi isikauke, na kukata matawi yasiyofaa. Mtu mwenye haraka hawezi kulima kahawa.

Msimu ulipofika, wachumaji walipita katika shina lile lile mara nyingi, kwa maana kahawa haiivi siku moja. Walichuma nyekundu, wakaiacha ya kijani ingoje. Iliyochumwa asubuhi ilimenywa siku ile ile, ikalala majini ili utelezi utoke, siku moja au mbili, na penye baridi kali hata zaidi. Kisha ikaoshwa kwa maji safi ya mfereji na kuanikwa juu ya vichanja. Hapo ndipo kazi ya akina mama ilipokuwa kubwa kuliko zote: kuigeuza kila mara, kuifunika mvua ikinyesha, kuifunika tena jua likichoma mno, na kuokota mbovu moja moja kwa vidole.

Ndugu zangu, hakuna hata moja katika kazi hizo lililopitwa na wakati. Mashine zimebadilika, na wataalamu wa Lyamungo, ambako utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934, wametupatia aina za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Lakini kahawa ya kijani ikichanganywa na nyekundu bado inaharibu gunia zima, na anayeichanganya ili aongeze uzito anamwibia jirani yake aliyechuma vizuri. Fundisho la kwanza basi ni hilo: nidhamu ya kila siku. Tofauti ni kwamba sisi hatuna kengele. Kila mmoja hana budi kujiamsha mwenyewe.

Sasa nije kwenye fundisho la pili. Marehemu bibi yangu, alipokuwa msichana, alichuma kahawa katika shamba la misheni moja huku mlimani. Aliijua kwa mikono yake kuliko mtaalamu yeyote niliyekutana naye. Aliweza kuitia punje kinywani na kukuambia kama imekauka ipasavyo. Siku moja nilimwuliza kahawa yote ile ilikuwa ikienda wapi. Akanijibu, “Ilikwenda na lori.” Nikamwuliza iliuzwa bei gani. Akacheka, akasema swali hilo hakuna mchumaji aliyewahi kuliuliza.

Simlaumu mtu. Misheni zilitufundisha kusoma, na faida yake twaijua. Lakini bibi yangu alifundishwa kazi, hakuonyeshwa hesabu. Na mtu ajuaye kazi asijue hesabu ni kibarua, hata kama shamba ni lake.

Wazee wetu waliliona jambo hili mapema. Walipoanza kupanda kahawa katika vihamba vyao wenyewe, kati ya migomba, walowezi wengi walipinga, wakidai kwamba mashamba ya Waafrika yataeneza magonjwa. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, ili kulinda kahawa yao na kuiuza pamoja. Na mwaka 1933 ukaandikishwa muungano wa KNCU. Tena, mwaka 1976 Serikali ilipovunja miungano yote ya ushirika nchini, wakulima walijifunza kwa uchungu maana ya kukosa chombo chao. Miungano ilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo ushirika si zawadi tuliyopewa. Ulitafutwa, ukapotea, ukatafutwa tena.

Nawaulizeni basi: kati yetu tulioketi hapa, ni wangapi wawezao kusoma stakabadhi zao za mauzo mpaka mstari wa mwisho? Yafaa kila mwanachama ajue kwamba kilo sita hivi za kahawa mbivu hutoa kilo moja ya kahawa safi. Aliyepeleka kilo 600 atazamie kiasi cha kilo 100. Asiyejua kipimo hicho hawezi kuuliza swali mkutanoni. Na pasipo maswali, hata katibu mwaminifu huanza kulegea.

Katika mkutano mkuu ujao litaletwa pendekezo kwamba hesabu za Muungano zisomwe kwa sauti katika kila chama cha msingi kabla ya kupitishwa: bei iliyopatikana, na kila kato, la usafiri, la kukoboa, la ushuru na la uendeshaji. Najua baadhi ya viongozi wenzangu wanaona jambo hili litachelewesha kazi na kuzusha maneno. Kwa heshima zote, nasema na yazushwe. Mimi ndiye mwandishi wa daftari hilo, nami naomba lifunuliwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lililofungwa kabatini ni sawa na kutokuwa na daftari.

Pendekezo la pili ni kwamba mama anayeichuma na kuianika kahawa aandikwe kuwa mwanachama pamoja na mumewe, awe na kura, na jina lake lionekane kwenye stakabadhi. Wazee wangu, nawasihi msilione jambo hili kuwa la kuwavunjia heshima. Orodha yetu ina majina mengi ya watu ambao hawajaigeuza kahawa kichanjani hata siku moja, na imewaacha walioigeuza miaka 40. Nyumba yenye watu wawili wanaojua hesabu haidanganywi kwa urahisi na mlanguzi apitaye usiku na fedha taslimu wakati wa njaa.

Mabibi na mabwana, miaka 10 si mingi. Ni mibuni iliyozaa misimu michache tu. Tusipoipogoa itachoka. Tushike uangalifu wa wachumaji wa zamani, na tuongeze kile ambacho wao hawakupewa. Nawatakia mavuno mema, na nawaomba tukutane mkutanoni, kila mtu na stakabadhi yake mkononi.