Ukomo wa Muda na Utozaji wa Deni la Ushuru: Mada ya Semina ya Wafanyabiashara, Kosele, Kaunti ya Homa Bay

Ukomo wa muda ni kipindi kilichowekwa na sheria ambacho kikipita mdai hawezi tena kudai, na utekelezaji ni hatua za kulitoza deni lililokwisha kuthibitika. Maana hizi zinajulikana, na mada hii haitazikalia.

Kwa madeni ya watu binafsi, Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, humpa mdai miaka 6 kwa deni la mkataba na miaka 12 kwa hukumu, lakini kifungu cha 42 kinautoa nje ushuru unaodaiwa na Serikali. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015, nayo, inamzuia Kamishna wa ushuru kufanya makadirio mapya ya ushuru baada ya miaka 5, isipokuwa penye ulaghai, ukwepaji au uzembe uliokithiri. Makadirio yakishafanyika, na siku 30 za pingamizi zikapita, hakuna kifungu kinachotaja siku ya kufa kwa deni hilo.

Hapo ndipo penye tatizo lililozungumzwa kwa miaka bila kutatuliwa. Sheria hiyohiyo humtaka mfanyabiashara kutunza kumbukumbu kwa miaka 5. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kosele, au mchuuzi anayenunua viazi vitamu Kabondo na kuvisafirisha, anaweza kwa kawaida kuzitupa risiti zake katika mwaka wa 6 bila kosa. Ilhali notisi ya kuitaka benki itoe fedha za mfanyabiashara huyo, ambayo Kamishna huitoa bila amri ya mahakama, inaweza kufika mwaka wa 11, wakati mhasibu amekwisha kuhama, au mwenye duka amefariki na mjane wake bado anahangaikia hati ya usimamizi wa mirathi. Na kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha kosa la makadirio uko kwa mlipa ushuru, anayedaiwa ushahidi ndiye aliyeruhusiwa kuutupa. Hiyo ni dhuluma, hata pale ambapo hakuna ofisa aliyekiuka sheria.

Ni kweli kwamba anayejificha hastahili kufaidika na kujificha kwake, na kwamba riba ya asilimia 1 kwa mwezi haiwezi kuzidi deni la msingi. Lakini hata msamaha wa ushuru ulioanza Septemba 2023 ulifuta adhabu na riba, ila deni lenyewe ulilibakiza.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba Bunge liweke ukomo wa utozaji, kama Marekani ilivyoweka miaka 10 tangu makadirio, na Ujerumani miaka 5, au 10 penye ukwepaji. Kwamba hesabu ya muda huo isimame wakati pingamizi au rufaa inaendelea. Kwamba kabla sheria haijabadilika, deni lililopita miaka 5 lisipelekwe benki mpaka mdaiwa apewe maelezo ya maandishi ya chanzo chake, mwaka kwa mwaka. Kwamba wajane na warithi wangojewe hadi hati ya mirathi itoke. Na kwamba wafanyabiashara wenyewe, kwa kuwa deni halina mwisho, wasitupe risiti hata baada ya miaka 5.