Shujaa Anayejua Kuwa Yumo Hadithini



Katika tanzia, mchekeshaji huwekwa pembeni. Huipumzisha hadhira huzuni inapoelemea, kisha humwachia nguli jukwaa. Mhadhara huu unamchunguza mchekeshaji aliyekikalia kiti cha nguli: Deadpool, shujaa wa vibonzo vya Marekani.

Mhusika huyu, aliyebuniwa na Rob Liefeld na Fabian Nicieza, alijitokeza katika toleo la 98 la The New Mutants, la Februari 1991, akiwa mamluki tu. Mzaha wake ulikuzwa hasa katika mfululizo ulioanza mwaka 1997 chini ya mwandishi Joe Kelly, na kumsemesha msomaji kukawa ada yake. Hakuwa wa kwanza: She-Hulk wa John Byrne alifanya hivyo mwaka 1989. Katika filamu ya Deadpool ya mwaka 2016, hata orodha ya waigizaji mwanzoni imegeuzwa kejeli.

Mvuto wake unatokana na nini? Wade Wilson, ambaye ndiye Deadpool, aliugua saratani. Jaribio lililompa uwezo wa kujiponya lilimwachia makovu mwili mzima. Fumo Liyongo huitia hadhira taharuki kwa kuwa kitovu chake chapenyeka kwa sindano ya shaba. Deadpool hukatwa kiungo kikaota tena. Hivyo basi, swali la hadhira si tena “atapona?” bali “atasema nini?” Maneno huwa silaha yake na pia kificho cha maumivu yake. Aidha, anajua jambo wasilolijua wenzake, kwamba wote ni wahusika wa kubuniwa. Siri hiyo humtenga nao. Mwandani anayembakia ni msomaji.

Hapa ndipo penye funzo kwa mtafiti wa fasihi ya Kiswahili. Dhana ya ukuta wa nne ina historia yake: mwaka 1758 Denis Diderot aliwataka watunzi na waigizaji wa Ufaransa wadhani kuwa pana ukuta kati yao na watazamaji. Deadpool huchekesha kwa sababu anauvunja ukuta ambao vibonzo na filamu vimekwisha kuusimamisha. Fanani wa ngano anayetamka “Paukwa!” akaitikiwa “Pakawa!” havunji kitu; ukuta haukuwapo. Kumwita mvunja ukuta ni kuipima fasihi simulizi kwa kipimo cha jukwaa la Ulaya, na kuuona msingi wa sanaa yake kuwa ukiukaji wa kanuni.

Tofauti nyingine ni ya jibu. Fanani huitikiwa, na itikio hilo ndilo idhini ya kuendelea. Deadpool humwita msomaji, lakini ukurasa haumrudishii sauti. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba mhusika fulani amevunja ukuta, mtafiti na aulize kwanza: ukuta huo ulijengwa na nani, na je, upande wa pili yupo wa kuitikia?